Mbunge akiuliza kuhusu kisima chenu, nani huandaa jibu?

Mnamsikia redioni Naibu Waziri wa Maji akijibu swali bungeni Dodoma kuhusu kisima cha kijiji fulani. Jibu hilo hakuliandika peke yake. Mradi ukiwa wa vijijini, maelezo hutafutwa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019.

Hapo mkuu wa timu ya majibu ana kazi. Aamue nani aandike, nani ampigie simu meneja wa wilaya, na rasimu irudi lini. Siku yake ya mwisho inafaa itangulie ile ya wizara, maana mtandao wa simu vijijini mnaujua wenyewe. Tena kuna maswali ya nyongeza, yanayoulizwa papo hapo. Kwa hiyo waziri aandaliwe hata yasiyoulizwa: pampu iliharibika lini, fedha zimefika wapi.

Kosa kubwa, kwa maoni yetu, ni kuamini faili bila kuuliza kijijini. Faili likisema maji yanatoka kumbe pampu imekufa, waziri atasema hivyo hivyo, na maneno yake yataingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Pampu yenu ikiharibika, chombo chenu cha watumia maji kimwandikie meneja wa wilaya siku hiyo hiyo, na nakala ibaki kijijini.