Ngazi ya darini: Okoa nafasi bila kuhatarisha maisha

UHABA wa nafasi katika makazi ya mijini umewafanya watu wengi kuinua macho juu. Pale ambapo paa liko juu ya kutosha, seremala huitwa, mbao zikapigwa, na chumba kimoja kikageuka viwili: cha chini kwa shughuli za mchana, na cha darini kwa kulala au kuhifadhi mizigo.

Lakini suala la jinsi ya kufika huko juu aghalabu huachwa hadi mwisho, wakati fedha zimepungua na nafasi ya sakafuni imekwisha. Hapo ndipo hutafutwa ngazi yoyote itakayoenea, na hatari huanzia hapo.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ugumu wenyewe. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, ambacho sakafu ya dari yake iko mita 2.4 kutoka chini. Ngazi ya kawaida yenye vidato vya kimo cha sentimita 17 hivi itahitaji vidato 14, cha mwisho kikiwa sakafu ya darini yenyewe. Iwapo kila kidato kina kina cha sentimita 25, ngazi hiyo itanyooka kwa mita 3.25. Hiyo ni ndefu kuliko chumba! Hata ikikatwa kona, kwa upana wa sentimita 80 itameza zaidi ya robo ya sakafu yote.

Ndiposa mafundi wakabuni njia nyingine.

Iliyo rahisi zaidi ni ngazi ya kuegemeza. Kanuni ya mafundi ni kwamba kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi usogezwe mita 1 kutoka ukutani. Kwa dari ya mita 2.4, hiyo ni sentimita 60 tu. Hata hivyo, ngazi hii sharti ifungwe kwa kulabu juu na izuiwe kuteleza chini. Anayeitumia hushuka akiielekea ngazi, mikono yote miwili ikiwa imeshika.

Ya pili ni ngazi ya kukunjwa, ambayo hufungwa kwenye mlango mdogo wa dari na kuteremshwa inapohitajika. Ikikunjwa, haichukui nafasi yoyote sakafuni. Inafaa kwa mizigo inayofikiwa mara chache, kama vile masanduku na vyombo vya sherehe. Haifai kwa mahali pa kulala.

Ya tatu ni ngazi ya vidato vya kupishana. Kila kidato hukatwa upande mmoja, hivi kwamba mguu wa kulia una vidato vyake na wa kushoto vyake. Kwa njia hiyo ngazi huweza kuwa na mwinamo mkali bila ya mguu kukosa pa kukanyaga. Ikiwa na mwinamo wa nyuzi 60, itachukua takriban mita 1.4 za sakafu, chini ya nusu ya ile ya kawaida. Kasoro yake ni kwamba mtu hana budi kuanza na mguu ufaao. Mgeni asiyeijua, au mtu aliyeshtuka usingizini, huweza kukosea.

Kwa sababu hiyo, kanuni za ujenzi za Uingereza huiruhusu ngazi ya aina hii kwa masharti tu: iwe ya kufikia chumba kimoja cha darini, pasiwe na nafasi ya ngazi ya kawaida, na iwe na vishikio pande zote mbili.

Kuna pia ngazi ya mzunguko, inayojizungusha kwenye nguzo moja. Yenye kipenyo cha mita 1.4 huchukua mraba wa takriban mita 2, lakini kitanda au kabati haliwezi kupitia humo. Katika nyumba nyembamba za kale mjini Amsterdam, ambako ngazi ni za mwinamo mkali, samani huvutwa kwa kamba kutoka kwenye ndoano iliyo juu ya nyumba na kuingizwa kupitia madirishani.

Wajapani nao, katika enzi ya Edo (1603-1868), walitengeneza makabati yaliyopangwa kama vidato. Mtu alipanda juu ya droo zake mwenyewe. Ngazi ya namna hii haipunguzi sana nafasi inayochukuliwa, ila nafasi hiyo hugeuzwa kuwa ghala, na seremala hodari yeyote anaweza kuiunda.

Kubana ngazi kupita kiasi kuna gharama yake. Thomas Jefferson, rais wa 3 wa Marekani, aliona kwamba ngazi kubwa hupoteza nafasi. Katika nyumba yake ya Monticello, jimboni Virginia, alijenga ngazi zenye upana wa sentimita 61 hivi. Chumba cha juu kilicho chini ya kuba, miongoni mwa vilivyopendeza zaidi nyumbani humo, hakikutumiwa sana, sababu mojawapo ikiwa ugumu wa kukifikia.

Kwa anayelala darini, gharama hiyo yaweza kuwa kubwa zaidi. Moshi hupanda juu. Moto ukizuka kwenye jiko lililo chini, aliye darini ndiye hufikiwa na moshi huo mapema, na njia yake ya kutokea ni ile ile ngazi. Kwa hivyo mguu wa ngazi usiwekwe karibu na jiko, na darini pawe na dirisha ambalo mtu anaweza kupita.

Kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba anashauriwa kujua ni nani atakayepanda, mara ngapi, na akiwa amebeba nini. Palipo na mzee, mjamzito au mtoto mchanga, ni heri dari ibaki ya mizigo. Mpangaji naye apate kwanza idhini ya mwenye nyumba, na ujenzi wowote wa sakafu ya ziada uidhinishwe na serikali ya kaunti.

Wahenga walinena kuwa mpanda ngazi hushuka. Ngazi ijaribiwe kwa kuishuka, usiku, taa zikiwa zimezimwa na mtu wa kusaidia akiwa chini. Ikiwa hilo haliwezekani bila woga, fundi arejeshwe kazini.