Imani na Milango ya Fahamu (2): Sikio na Pua

Wiki iliyopita tulimwacha Imamu Ghazali akiwa Baghdad, hayaamini hata macho yake. Jicho, asema katika Al-Munqidh, huiona nyota ndogo kama dinari, na wataalamu wa falaki wathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Mwaka 1095 aliiacha kazi ya kufundisha katika madrasa ya Nidhamiya, baada ya ulimi kumfunga asiweze kusomesha. Alikofikia ndiko kunakotuhusu: tabibu aliye mgonjwa anaijua afya kwa maelezo yake yote, ila hanayo. Dini nayo ina mambo yasiyofikiwa mpaka yaonjwe.

Twende Lamu. Katika Msikiti wa Riyadha, alioasisi Habib Swaleh, husomwa Simtu Durar, maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut. Kiarabu chake ni kizito, na si kila aliyekaa mkekani anakifuata. Lakini matari yakilia, hata mtoto anajua pahala pa kuitikia. Kisomo kinapofika kuzaliwa kwa Mtume, watu husimama. Marashi hunyunyizwa, chetezo kikazungushwa.

Hapo kwenye chetezo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Ubani ni utomvu wa miti ya Dhofar, Hadhramaut na Usomali, nao umekuja kwetu na majahazi ya kaskazi. Kwa Waswahili moshi hauishii msikitini. Udi hufukiziwa nguo za bibi harusi, na udi huohuo hufukiziwa sanda. Mtu wa pwani hukua pua yake imeshaunganisha furaha, ibada na mauti, kabla hajafundishwa aya moja ya Akhera. Sijui darasa linaloweza kumfikishia hayo mapema hivyo.

Wako masheikh wanaoyapinga matari, na hoja yao si ya kubezwa: mdundo waweza kumlevya mtu akasahau alichokuja kukisoma. Ghazali alilijua hilo. Ndani ya Ihya alitenga kitabu kizima cha adabu za kusikiliza, akashika kauli kwamba sauti nzuri haiutii moyo kisichokuwemo, huamsha kilichomo. Kwangu mimi hilo latosha: tari halina kosa, aulizwe anayelisikiliza.

Wiki ijayo ni zamu ya ulimi na tende ya futari. Msomaji asiyekubaliana nami kuhusu matari akisome kwanza kitabu hicho cha Ihya, kisha aniandikie.