Daraja la bure lilivyoigharimu New York dola bilioni

JIJI la New York lilitumia kiasi cha dola milioni 24 kujenga Daraja la Williamsburg, lililofunguliwa mwaka 1903. Ukarabati wa daraja hilohilo ulioanza mwaka 1991 ulimeza zaidi ya dola bilioni 1. Hata ukiondoa kushuka kwa thamani ya fedha, mwenye hatifungani za jiji ana haki ya kuuliza kulikoni.

Sehemu ya jibu iko katika ujenzi wenyewe. Nyaya za kamba kuu za Daraja la Brooklyn, la mwaka 1883, zilipakwa zinki kama mabati ya nyumba. Za Williamsburg hazikupakwa, ili kubana matumizi.

Sehemu kubwa zaidi ni ya siasa. Mwaka 1911 Meya William Gaynor alifuta ushuru wa kuvuka madaraja manne ya jiji yaliyo juu ya mto East River: Brooklyn, Williamsburg, Manhattan na Queensboro. Tangu hapo kila kopo la rangi lililazimika kugombea fedha za hazina ya jiji na shule, polisi na hospitali. Rangi haina wapiga kura.

Mwaka 1975 mabenki yalikataa kuendelea kuuza hatifungani za jiji, nalo likanusurika kufilisika. Matengenezo ya madaraja yakaahirishwa. Kazi zenyewe ni ndogo: kuosha chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, kuzibua mifereji, kupaka rangi. Zisipofanyika, maji ya chumvi hupenya kwenye maungio na kula mihimili ya chini, mahali ambapo dereva haoni.

Mwaka 1981 nyaya zilikatika katika Daraja la Brooklyn na kumwua mtu aliyekuwa akivuka kwa miguu. Aprili 1988 wakaguzi walikuta mihimili ya Williamsburg imeliwa vibaya na kutu, likafungwa kwa magari na treni kwa wiki kadhaa. Wapo waliotaka libomolewe na kujengwa jipya. Hatimaye likakarabatiwa huku likitumika, sehemu kwa sehemu, na kazi ya namna hiyo haiwezi kuwa rahisi.

Jijini humohumo Mamlaka ya Triborough, iliyoanzishwa mwaka 1933, hutoza ushuru kwenye madaraja yake 7 na njia 2 za chini ya maji. Hatifungani zake hulipwa kutokana na ushuru huo, na masharti yake yanambana mkopaji: gharama za uendeshaji hulipwa kwanza, madaraja yatunzwe, na ushuru upandishwe mapato yasipotosha. Kwa mwekezaji mdogo, hayo ni masharti ya kusomwa kabla ya kuangalia riba.

Hata hivyo, tangu mwaka 1968 ziada ya Triborough husaidia treni na mabasi. Aidha, tangu Januari 5, 2025 gari dogo linaloingia katikati ya Manhattan mchana hutozwa dola 9, na yale madaraja manne ya bure yote hushukia huko au ukingoni mwake. Fedha hizo nazo, kwa mujibu wa sheria, ni za usafiri wa umma. Rangi ya Williamsburg bado inangoja bajeti ya jiji.