Jasho la Mkimbiaji

Ukikimbia juani kwa muda, jasho hukutoka. Likikuingia mdomoni, utaona kwamba lina ladha ya chumvi. Chumvi hiyo imetoka wapi? Je, mkimbiaji wa mbio ndefu anahitaji maji peke yake?

Joto la mwili wenye afya ni karibu nyuzi 37 za Sentigredi. Misuli inapofanya kazi hutoa joto jingi. Joto hilo lisipoondoka, mkimbiaji huugua. Ndani ya ngozi yetu mna tezi za jasho zaidi ya milioni 2. Tezi hizo hutoa nje maji yenye chumvi kidogo. Jasho linapogeuka kuwa mvuke huchukua joto, na ngozi hupoa.

Jaribio
1. Koroga kijiko kimoja cha chumvi katika nusu kikombe cha maji mpaka iyeyuke.
2. Mimina maji hayo kidogo katika sahani yenye rangi nyeusi.
3. Weka sahani juani mpaka maji yakauke. Unaona nini?

Maji yamegeuka kuwa mvuke, lakini chumvi imebaki. Ndiyo maana shati la mkimbiaji likikauka huonyesha michirizi myeupe.

Mbio za marathoni zina urefu wa kilometa 42.195. Mkimbiaji anaweza kupoteza lita 1 ya jasho kwa saa, na penye joto kali hata zaidi. Asipokunywa maji ya kutosha, moyo wake hufanya kazi kwa shida na joto la mwili hupanda.

Hata hivyo, kunywa kupita kiasi pia ni hatari. Chumvi ina sodiamu ndani yake. Sodiamu husaidia neva kupeleka habari na misuli kujikunja. Maji yakizidi sana mwilini, sodiamu ya damu huwa hafifu, kama mchuzi ulioongezwa maji mengi. Hapo maji huingia kwa wingi ndani ya seli, nazo huvimba. Ubongo umo ndani ya fuvu gumu. Ukivimba hauna nafasi. Mkimbiaji huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, na anaweza kufa.

Katika mji wa Boston, Marekani, Mtanzania Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili katika marathoni mwaka 1988, 1989 na 1990. Mwaka 2002, katika mbio hizo hizo, wataalamu walipima damu ya wakimbiaji 488. Karibu 13 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa sodiamu. Hatari ilikuwa kubwa hasa kwa wale walioongezeka uzito njiani kwa sababu ya kunywa mno. Hata vinywaji vyenye chumvi havizuii hatari hiyo, kwa kuwa chumvi yake ni kidogo kuliko ile ya damu.

Basi mkimbiaji na anywe kwa kadiri ya kiu yake. Asimalize mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza. Baada ya mbio, chakula chenye chumvi ya kawaida humrudishia chumvi aliyoipoteza.

Maswali
1. Jasho huupozaje mwili?
2. Kwa nini chumvi hubaki katika shati?
3. Mkimbiaji alikuwa na kilo 50 kabla ya mbio. Njiani alikunywa nusu lita ya maji, wala hakukojoa. Alipomaliza alikuwa na kilo 49. Alipoteza jasho karibu lita ngapi? (Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1.)