Kufungua na Kufunga Kumbukumbu katika Kompyuta

Mwezi wa Novemba 1998 ulianza huko Rufiji uandikishaji wa kudumu wa wakazi, ukihusiana na mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya. Waandikishaji walipita kila kaya mara tatu kwa mwaka, katika Ikwiriri, Kibiti na vijiji jirani, wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia au kuhama. Katika kompyuta, kila kipindi cha ukaazi wa mtu kilipaswa kuwa na mwanzo mmoja na mwisho mmoja.

Kanuni hiyo yaonekana nyepesi, lakini bonde la mafuriko huijaribu. Mkulima aliyekwenda kukaa dunguni ili kulinda mpunga wake hakuhama. Aliyehama kweli mwezi Machi, na ukaazi wake usifungwe hadi mwisho wa Desemba, huhesabiwa mkazi kwa siku 270 na zaidi asizokuwapo. Kigawanyo huvimba, na kiwango cha vifo huonekana kidogo kuliko kilivyo. Si jambo dogo, kwani takwimu hizo ziliusaidia uongozi wa afya wa wilaya kupanga matumizi ya fedha.

Programu zinazoandika matukio ya kompyuta yenyewe hupatwa na shida iyo hiyo. Waandishi wa programu hutumia maktaba, yaani fungu la amri zilizokwisha andikwa. Maktaba ikipita mikononi mwa wengi, amri hulundikana: “anzisha”, “washa”, “fungua”, kisha “simamisha”, “zima”, “funga”. Pengine “washa” haifanyi lolote, kwa kuwa daftari lilifunguliwa tangu kuundwa. Nayo “simamisha” hufanya nusu tu ya kazi ya “funga”. Hapo ndipo penye hatari. Matukio hukusanywa kwanza katika hifadhi ya muda, ndipo yaandikwe diskini kwa mkupuo. Mtumiaji akiridhika na “simamisha”, mistari ya mwisho hupotea, nayo ndiyo ambayo ingeeleza sababu ya programu kuanguka.

Dawa ni kuacha amri moja ya kufungua na moja ya kufunga, na kufunga mara ya pili kusidhuru kitu. Amri za zamani haziondolewi papo hapo, maana programu za wengine zingali zikiziita. Huelekezwa kwenye “funga”, zikitoa onyo, hadi toleo kuu lijalo. Kabla ya hapo mtengenezaji huandika mistari 1,000, hufunga, kisha huihesabu diskini.