Maji yaliyoitikisa Pohang

Juzi barazani, baada ya Isha, mzee mmoja aliniuliza kama binadamu anaweza kuleta zilzala. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana limeshatokea.

Pohang ni mji wa pwani huko Korea Kusini. Mchana wa tarehe 15 Novemba 2017 ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.4. Watu zaidi ya 100 waliumia, zaidi ya 1,000 wakahama makwao, na mtihani wa kuingia vyuo vikuu, uliokuwa ufanywe kesho yake nchi nzima, ukaahirishwa kwa wiki moja.

Karibu na mji palikuwa na mradi wa umeme wa joto la ardhini. Visima vilishuka zaidi ya kilomita 4 hadi kwenye mwamba wenye moto lakini usio na maji. Basi wakasukuma maji kwa nguvu ili mwamba upasuke na maji yapate njia.

Sasa, huko chini kuna nyufa za kale. Pande mbili za ufa zimebanana kwa uzito ulio juu yake, ilhali ardhi inazisukuma kila upande kwake, miaka nenda miaka rudi. Maji yenye shinikizo hufanya kazi ya jeki: huziachanisha kidogo tu, ule mbano ukalegea, na mwamba ukateleza. Nguvu ya tetemeko ilikuwapo tangu zamani. Maji yameifungulia mlango.

Linaloniuma ni hili. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo, baada ya kusukuma maji, palitokea tetemeko lililozidi kipimo cha 3. Mjini Basel, Uswisi, mradi kama huo ulisimamishwa mwaka 2006 kwa tetemeko la 3.4, na baadaye ukafutwa kabisa. Pohang walirudi kusukuma maji Agosti na Septemba. Machi 2019 jopo lililoundwa na serikali likasema wazi kwamba mradi ndio ulioamsha tetemeko la Novemba.

"Na Olkaria yetu je?" mzee akauliza. Nikamwambia kule mvuke na nyufa vipo kwa maumbile, hawana haja ya kupasua mwamba mkavu, ingawa maji yaliyotumika hurudishwa chini. Akanywa kahawa yake, kisha akasema: "Na mitikisiko midogo huko, yuko anayeihesabu?"