Hatua ya Tisa Haina Mwenyewe

Katika vituo vya afya vya Kalehe, Kivu Kusini, kuanzia Minova kando ya ziwa hadi Bunyakiri kule msituni, hali ya mtoto mchanga hujulikana kwa mizani na kwa mkanda mwembamba wa rangi tatu unaozungushwa mkononi, katikati ya bega na kiwiko. Mtoto aliyetimiza miezi 6 ambaye mkono wake haufikii milimita 115 huangukia kwenye rangi nyekundu. Kama hana ugonjwa mwingine na bado ana hamu ya kula, halazwi: mama anapewa pakiti za Plumpy'Nut, chakula cha tiba cha karanga na maziwa, na siku ya kurudi. Mkanda huo umewaokoa watoto wengi na sina ugomvi nao. Ninachohoji ni mazoea unayotujengea. Mkono ukishajaa tunasema mtoto amepona, ilhali mkanda hauwezi kutuambia kama anageuka akiitwa, kama anatafuta kitu kilichofunikwa kwa kitenge, kama anamtazama mama kwanza kabla ya kushika asichokijua. Hayo ndiyo mambo ambayo ubongo hujifunza katika mwaka wa kwanza, na katika umri huo ubongo peke yake hutumia zaidi ya nusu ya nguvu ambayo mwili unaitumia ukiwa umepumzika. Kumlisha mtoto bila kumchezesha ni kumtibu nusu.

Ushahidi wa kwanza uko jirani. Lwiro, upande wa Kabare, kuna kituo cha utafiti ambacho chimbuko lake ni taasisi ya IRSAC iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947, na hospitali ya watoto ambayo kwa miongo mingi imetibu bwaki, yaani utapiamlo mkali. Watafiti waliwatafuta watu waliotibiwa hapo utotoni kati ya 1988 na 2007, ambao sasa ni watu wazima, wakawalinganisha na wenzao wa jamii hiyo hiyo ambao hawakuugua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliougua walikuwa nyuma katika vipimo vya akili na katika masomo. Hao ndio waliotibiwa na kunusurika. Mtu anaweza kusema kwamba hata ndani ya kijiji kimoja nyumba inayopata bwaki huwa ndiyo maskini zaidi, kwa hiyo huenda kilichowarudisha nyuma ni umaskini wa nyumbani wala si ugonjwa wenyewe. Ni hoja ya haki, lakini inaunga mkono ninachosema: kama nyumba ndiyo iliyomwangusha, pakiti ya karanga na maziwa haiwezi kuibadilisha nyumba hiyo. Na hatuzungumzii watoto wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Kivu Kusini walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 43.

Wapo watakaojibu kwamba mtoto wetu hana upungufu, kwani hukaa na kutembea kabla ya mtoto wa Ulaya. Si majivuno matupu. Katika miaka ya 1950 daktari Mfaransa Marcelle Geber aliwapima watoto wachanga wa Kampala na kuripoti kwamba waliwatangulia Wazungu, na wengi wakadhani siri iko kwenye damu. Mtafiti Charles Super aliichunguza siri hiyo katika kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis wa Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 1976. Watoto wa Kokwet walitangulia kukaa na kutembea, mambo ambayo mama zao walikuwa wakiwafundisha kwa makusudi, hata kwa kumkalisha mtoto kwenye shimo fupi lililochimbwa ardhini ili limwegemeze. Kwenye mambo wasiyofundishwa, kama kutambaa, hawakutangulia hata kidogo. Damu haikuhusika; kilichohusika ni mazoezi. Hata hivyo kutembea mapema si bima ya akili. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani, vilivyotokana na watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, vinaonyesha kwamba mtoto anaweza kuanza kutembea peke yake popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu akawa salama, na wapo karibu 4 katika kila 100 ambao hawatambai kabisa kwa mikono na magoti. Somo la Kokwet ni kwamba kinachozoezwa ndicho kinachotangulia, na sioni kwa nini kanuni hiyo iishie miguuni.

Kwamba haiishii miguuni kulithibitishwa Jamaika. Mwaka 1986 Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa katika mitaa maskini ya Kingston. Baadhi walipewa chakula cha ziada, baadhi walitembelewa kila wiki kwa saa moja na mhudumu wa afya aliyemwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto, wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata chochote. Ziara ziliendelea miaka miwili, na vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa mkono. Watoto hao walipofika umri wa miaka 22, waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato kilichozidi cha wenzao kwa takriban robo. Chakula cha ziada peke yake hakikuacha alama hiyo. Sisemi chakula hakina kazi. Mtoto mwenye njaa hachezi. Na kuna uharibifu ambao mchezo hauugusi: kisiwani Idjwi, ng'ambo ya maji, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walionyesha jinsi ukosefu wa madini ya joto (iodini) kwa mama mjamzito, ukichangiwa na sumu ya muhogo, unavyomharibu mtoto ubongo kabla hajazaliwa. Hapo dawa ni chumvi yenye madini hayo.

Cha kushangaza, wajibu wa kumchezesha mtoto mgonjwa uliandikwa zamani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu utapiamlo mkali una hatua 10, na ya tisa ni kumchangamsha mtoto na kumpa upendo. Iliandikwa kwa ajili ya wodi, wakati mama na mtoto walikuwa wakilazwa kwa majuma. Tangu 2007, mashirika ya Umoja wa Mataifa yalipoidhinisha matibabu ya nyumbani, wagonjwa wengi hawaioni wodi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa, ila hatua ya tisa ilibaki hospitalini, na nyumbani haikukabidhiwa mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la hali halisi. Eneo lililofagiliwa na mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi Mei 2023, kisha likafikiwa na vita, litaambiwaje habari za michezo? Tena Robert LeVine, aliyewachunguza Wagusii wa Kenya, alieleza kwamba mama wa huko waliitikia kilio haraka lakini walizungumza kidogo na mtoto mchanga, kwa sababu shabaha yao ya kwanza ilikuwa mtoto aishi. Namkubali LeVine: hiyo ni busara pale kifo kinapokuwa karibu. Lakini pakiti na chanjo zimekuja kupunguza hofu hiyo hiyo, na mama anayelima au kuuza samaki wa sambaza haombwi saa mpya. Anapongoja foleni ya Plumpy'Nut muda upo tayari, na RECO, mhudumu wa afya wa jamii anayepima mikono, anaweza kutumia dakika kumi kuonyesha mchezo wa kufunika kikombe au kuitikia sauti za mtoto. Shida itabaki kwa dada wa miaka tisa anayembeba mtoto mchana kutwa mama akiwa shambani. Yeye haji kwenye foleni, na kumfikia kutahitaji mwalimu wa shule ya msingi au katekista wa Jumapili, watu ambao kwa kawaida miradi ya lishe haiwahesabu kama wahudumu wa afya.